Mario wa Dar es Salaam Alikimbia Polepole

Kaseti ni ya manjano, inaenea kiganjani, na karatasi iliyobandikwa juu yake ina picha ya Mario, mwanajeshi aliyejifunga kitambaa kichwani, na ndege ya kivita ambayo haimo katika gemu hata moja kati ya zilizomo ndani. Chini ya picha hizo kuna tarakimu zinazodai kwamba humo zimo gemu 9999999. Ukiiwasha, orodha inajitokeza kwa rangi za kuumiza macho, ukurasa baada ya ukurasa. Gemu ya kwanza ni Contra. Ya ishirini na kitu nayo ni Contra, ila imepewa jina jingine na inaanzia hatua ya tatu. Mbele kidogo iko Contra yenye roho 30. Mario naye anajirudia: mara anaanza akiwa mkubwa, mara anaanzia chini ya ardhi, mara anaruka kana kwamba yuko mwezini. Ukizichambua kwa kalamu na karatasi, gemu za kweli hazivuki dazeni mbili tatu.

Hakuna mtoto wa Ilala aliyewahi kumrudishia muuzaji kaseti hiyo kwa kosa la hesabu.

Mwandishi wa makala haya ni mmoja wa watoto hao. Leo ana kabati lenye kaseti za aina hiyo, PlayStation za kwanza na za pili, pedi zenye nyaya zilizofungwa selotepu, na bunduki ya plastiki ambayo askari wa uwanja wa ndege angeitazama mara mbili. Vingi kavipata kwa mafundi, kwenye meza za vitu chakavu Kariakoo, na kwa watu waliokuwa wanahama nyumba wakataka kupunguza mizigo. Alipoanza alitafuta vitu vya asili: mashine halisi kutoka Japani, zenye nembo ya mwenyewe. Kadiri kabati lilivyojaa, ndivyo swali la kipi ni asili na kipi ni bandia lilivyozidi kumchanganya.

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo, ITV ikiwa miongoni mwao. Kwa hiyo gemu ziliingia sebuleni karibu pamoja na matangazo yenyewe, na zikalazimika kugombea nafasi na taarifa ya habari. Televisheni ilikuwa moja, imekaa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, na juu yake kitambaa kingine, na juu ya kitambaa hicho ua la plastiki. Kucheza kulitaka ruhusa kwanza. Halafu kuondoa ua, kuchomoa waya wa antena, kuchomeka wa mashine, na kuzungusha kitufe cha kutafutia stesheni mpaka chenga zipungue na picha itokee. Ikikaribia saa mbili usiku, baba anakohoa. Kikohozi kile kilitosha.

Kulikuwa pia na imani, iliyoenea mtaa mzima, kwamba gemu inaua kioo. Haikuwa porojo tupu, maana picha isiyosogea ikiachwa saa nyingi kwenye TV ya chogo huweza kuacha alama ya kudumu. Ila wazazi waliitumia imani hiyo kwa ukarimu mkubwa. Nusu saa ya Mario ilihesabiwa kuwa sumu, ilhali filamu ya Kihindi ya saa tatu haikudhuru kitu.

Mashine yenyewe ilikuwa nakala. Iliyonakiliwa ni Famicom, ambayo Nintendo ilianza kuiuza Japani tarehe 15 Julai 1983 kwa yen 14,800, ikiwa kazi ya timu iliyoongozwa na mhandisi Masayuki Uemura. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2 tu. Mwaka 1985 ilivuka kwenda Marekani ikiwa imebadilishwa sura na jina, ikaitwa NES, na hadi Japani ilipoacha kuitengeneza mwaka 2003 ndugu hao wawili walikuwa wameuzwa karibu milioni 62. Hesabu hiyo haizigusi nakala. Mahali ambapo kampuni yenyewe haikufika, waliingia watengenezaji wa Taiwan na China. Kampuni ya UMC ya Taiwan ilitoa chipu zilizoiga za Famicom, na baadaye mashine nzima ikabanwa chini ya tone moja jeusi la gundi kwenye ubao mwembamba. Urusi waliijua kwa jina la Dendy, Poland wakaiita Pegasus, Afrika Kusini ikauzwa kama Golden China. Kwetu kila mzigo ulikuja na jina lake, na mara nyingine boksi lilikuwa na picha ya mashine nyingine kabisa.

Nakala hizo zilishika tundu la pini 60 kama la Famicom, si 72 kama la NES ya Marekani na Ulaya. Ndiyo maana kaseti ya Ilala huingia bila ubishi kwenye mashine ya Tokyo, lakini haiingii kwenye NES ya binamu aliyekulia London.

Jambo hilo la pini ndilo lililomtuma mwandishi kutafuta Famicom halisi. Aliyoipata ni toleo la mwisho, la mwaka 1993, dogo, lenye kona za mviringo na tundu la AV. Ilikuwa kwenye duka linalouza vitu vilivyotumika Japani: makochi, baiskeli za wanawake zenye kikapu mbele, friji, vyombo vya udongo. Muuzaji alikuwa ameiweka pamoja na mashine za kupimia presha na hakuwa na haja ya kubishana sana juu ya bei. Kutoka hapo ilikwenda moja kwa moja kwa fundi, Kariakoo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeniletea mgonjwa gani leo?"

Aliichukua adapta, akaisoma kwa mbali na kwa karibu, kisha akaisogeza pembeni kabisa ya soketi. "Hii ya volti mia, mdogo wangu. Ukiichomeka hapa, wewe kaa karibu na mlango."

Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wetu ni 230. Mashine nyingi zilizotoka huko zimekufa siku ile ile zilipofika, kwa sababu hiyo moja. Famicom ina kingine: adapta yake ina hasi katikati ya pini, kinyume cha adapta nyingi zinazouzwa leo, na anayeokoteza adapta yoyote inayoingia tunduni hujifunza kwa harufu. Fundi akatoa transfoma ya kushusha umeme, akavuta TV ya chogo inayopokea mifumo ya PAL na NTSC, akawasha.

Wimbo wa Mario ukaanza, na ulikuwa unakimbia. Mario alikimbia, uyoga wenye miguu walikimbia, hata saa ya pembeni ilikimbia. Fundi akapiga mashine kofi la upole. Haikubadilika.

"Chipu imechanganyikiwa hii," akasema.

Chipu ilikuwa na akili zake zote. Televisheni za Japani na Marekani zilichora picha mara 60 kwa sekunde, na zile za mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Ulaya, zilichora mara 50. Gemu za wakati ule zilihesabu muda kwa picha: kila picha ikichorwa, kila kitu kinasogea hatua moja. Ukiipeleka gemu ya Kijapani kwenye mashine ya PAL bila kuirekebisha, inapungua mwendo kwa karibu asilimia 17, muziki ukiwemo. Watoto wa Uingereza walimjua Sonic, mhusika wa mbio, akiwa mzito kwa sababu hiyo hiyo, na hao walikuwa na mashine halali, zenye risiti. Watoto wa Dar es Salaam, kwenye nakala za PAL, walimjua Mario asiye na haraka. Mwandishi alishika pedi ya asili mbele ya Mario wa asili, akatumbukia kwenye shimo la kwanza, akarudi, akatumbukia tena. Vidole vyake vilikuwa vimesomea mwendo mwingine. Kwake, aliyetoka Tokyo ndiye aliyesikika bandia.

Tangu hapo alianza kuzitazama kaseti za manjano kwa heshima zaidi. Baadhi yake zina vitu ambavyo kampuni zenye haki haziwezi kuvitoa kamwe. Iko Somari, gemu iliyotengenezwa Taiwan mwaka 1994, ambamo Mario anakimbia ndani ya dunia ya Sonic. Wahusika hao ni wa kampuni mbili zilizokuwa zinapigana vita ya kibiashara, na mtu wa tatu akaoza binti na kijana bila kuwaambia wazazi. Iko Tank 1990, iliyopatikana kwa kuifumua Battle City ya Namco ya mwaka 1985 na kuipa ramani na silaha mpya. Watoto wengi hawakujua kwamba kuna Battle City. Tanki lao lilikuwa hilo, na bado ni hilo.

Na ziko zile Contra zenye roho 30. Kazuhisa Hashimoto wa Konami, aliyefariki Februari 2020, alitunga mfuatano maarufu wa vitufe (juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A) alipokuwa anaiandaa Gradius mwaka 1986, kwa sababu gemu yake mwenyewe ilimshinda na alihitaji kuijaribu. Ukaingizwa baadaye kwenye Contra. Watoto wa Marekani walipeana siri hiyo shuleni na kuisoma magazetini. Sisi waharamia walikuwa wameshatusaidia: siri imeandikwa kwenye orodha, chagua namba, bonyeza. Ni huduma kwa mteja ambayo mwandishi bado anaistahi.

Kutunza vitu hivi si kazi ya kishujaa, ni uvumilivu na pamba za masikio. Kaseti ikigoma, mkono wa kila aliyekua miaka ile huipeleka mdomoni kuipuliza. Nintendo yenyewe ilikataza, na sababu ni nyepesi: pumzi ina unyevu, na unyevu ukizoea madini ya pini huleta kutu. Kilichosaidia zamani, mara nyingi, ni kitendo cha kuichomoa na kuirudisha, siyo pumzi. Dawa ni spiriti kali kidogo kwenye pamba, kusugua pini hadi pamba iache kutoka nyeusi, kusubiri ikauke. Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe ina chumvi, kazi hiyo haina mwisho. Pedi za raba nazo hulainika, nyaya hukatika palepale zinapoingia kwenye mashine, na mende hupenda sana mahali penye joto ndani ya PlayStation. Haya mwandishi ameyazoea. Kinachomsumbua zaidi ni televisheni.

Bunduki ya Duck Hunt, gemu ya kulenga bata iliyotoka Japani mwaka 1984, haitoi risasi wala mwanga. Inapokea. Ukivuta kifyatulio, kioo chote kinakuwa cheusi kwa chembe ya sekunde, kisha penye bata panatokea kiboksi cheupe, na jicho lililomo kwenye mtutu linauliza swali moja tu: nimeona giza likifuatwa na mwanga, au sikuona? TV ya chogo huchora picha yake mstari kwa mstari na papo hapo, na bunduki ilitengenezwa kuusikiliza mtetemo wa mwanga huo. TV bapa ya leo huipokea picha, huiandaa, halafu ndipo huionyesha, na mwanga wake hautetemeki kwa namna ile. Bata hafi. Unaweza kuwa na mashine, kaseti, bunduki, vyote vizima, na gemu ikawa imekufa kwa sababu jirani ametupa TV yake jalalani. Mwandishi ameziokoa kadhaa kutoka kwa watu waliomcheka kwa dhati. Wamemsaidia hata kuzipakia kwenye bajaji.

Baada ya kaseti zikaja sahani, na gemu zikatoka sebuleni kwenda kibandani.

Kibanda cha gemu kilikuwa bati, mabenchi, TV mbili tatu na joto. PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 1994, ilikuwa na lenzi iliyochoka mapema katika matoleo yake ya mwanzo, na tiba yake ilijulikana kutoka Marekani hadi Manzese: igeuze mashine tumbo juu. Katika vibanda vingi alivyovijua mwandishi hakuna aliyekumbuka sura ya upande wake wa juu. Sahani zilikuwa za kunakili, mashine zimefunguliwa na fundi ili zizikubali, na Winning Eleven, gemu ya mpira, ilikuwa ya Kijapani mtupu. Watoto ambao hawakuweza kusoma herufi moja ya Kijapani walijua kwamba mstari wa tatu ni kubadili mchezaji na wa tano ni kutoka. Malipo yalikuwa kwa mechi, na sheria ilikuwa moja: aliyefungwa anaachia pedi.

PlayStation 2 ilipofika mitaani, kibanda kikawa taasisi. Mashine hiyo ilianza kuuzwa Machi 2000, ikatengenezwa hadi kufikia 2013, na kwa hesabu ya Sony imeuzwa milioni 160. Hakuna mashine ya gemu iliyowahi kuifikia. Gemu ya kibandani ilikuwa PES 6, nayo ya mpira, ya mwaka 2006. Konami haikuwa na haki ya majina ya timu zote, kwa hiyo Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikaitwa Merseyside Red, nasi tukayazoea. Adriano wa Inter Milan alikuwa na nguvu ya shuti 99. Baadhi ya vibanda vilimpiga marufuku kwa maandishi ya chaki ukutani, na mwandishi haoni kama kuna chama cha soka kilichowahi kutoa adhabu ya haki zaidi.

Kutoka zama hizo kitu chake anachokithamini kuliko vyote ni memori kadi. Ni nyeusi, ya megabaiti 8, imekwaruzwa herufi mbili kwa msumari, na alipewa kama nyongeza aliponunua pedi kwa mtu aliyekuwa amefunga kibanda chake. Alipoichomeka akakuta mtaa mzima. Kulikuwa na GTA San Andreas ya mtu aliyefika mbali, akaacha. Kulikuwa na ligi ya PES ambayo mwenye nayo alikuwa ameibadili kila kitu: timu zina majina ya vichochoro, na wachezaji wamebatizwa mmoja mmoja, kwa kuchagua herufi kwa mshale, kazi ya jioni nyingi. Kipa ni Mama Ntilie. Beki wa kati ni Mwenyekiti. Mshambuliaji anaitwa Muuza Chipsi, kapewa upara, na nguvu ya shuti 99. Pembeni yake kuna winga aitwaye Deni, mwenye kasi ya kutisha. Mwandishi hakufuta kitu. Ameicheza ligi ile misimu kadhaa na anaweza kuthibitisha kwamba Deni hakabiki.

Kitu cha namna hiyo hakiwezi kuokotwa kutoka kwenye gemu za leo kirahisi, na hapo ndipo kulinganisha kunapoanza kuwa na maana. Watu hulinganisha picha, na picha hazina mjadala. Super Mario Bros. nzima ya mwaka 1985 ilikaa kwenye kilobaiti 40. Picha moja ya simu ya kawaida ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Ili itoshe, mawingu na vichaka vilichorwa mara moja tu: ni mchoro ule ule, umebadilishwa rangi. Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018 ilihitaji sahani mbili kwenye PlayStation 4 na takriban gigabaiti 100 za nafasi. Ndani yake farasi wana misuli inayotembea chini ya ngozi. Asiyevutiwa na hilo anajisumbua.

Mpwa wa mwandishi, mtoto wa shule ya msingi aliyezaliwa na simu mkononi, aliwahi kuletewa mashine ya pini 60 na akaipa nafasi ya haki.

"Mjomba, hapa nasevu wapi?"

"Husevu."

"Nikifa?"

"Una roho tatu."

"Zikiisha?"

"Unaanza upya. Tangu mwanzo."

Akamtazama mjomba wake kwa huruma. "Nani aliipitisha hii?"

Ni swali zuri. Gemu nyingi za zamani zilikuwa ngumu kwa sababu zilikuwa fupi. Bingwa humaliza Super Mario Bros. chini ya dakika 5. Ugumu ndio uliozifanya dakika hizo zikae mwaka mzima. Na umeme ukikatika ukiwa dunia ya nane, umekatika, huna wa kumlalamikia. Gemu za leo zinahifadhi zenyewe, zinakuruhusu upunguze ugumu, zinakupa maandishi ya mazungumzo kama husikii vizuri. Tangu 2018 iko pedi ya Xbox iliyoundwa kwa watu wenye ulemavu wa viungo, yenye vitufe vikubwa na matundu ya kuongezea vifaa. Mpwa hucheza mpira na binamu zake walioko Muscat huku wakitukanana kwa Kiswahili safi cha pwani. Hakuna kaseti ya manjano iliyowahi kufanya hivyo, na mwandishi hana mpango wa kumdanganya mtoto kwamba shida ilikuwa na utamu.

Ila mtoto huyo huyo alinunuliwa gemu ya sahani, akaiweka, na mashine ikamwambia asubiri: kuna nyongeza ya kupakua, kubwa kuliko bando la mwezi la nyumba nzima. Sahani anayo. Gemu hana. Juni 2025 Nintendo ilianza kuuza Switch 2, na baadhi ya kadi za gemu zake hazina gemu ndani. Zina ufunguo tu wa kuipakua. Mtu hununua plastiki, anaiweka kwenye tundu, na mzigo wenyewe bado uko kwenye kompyuta ya mwenye duka, ng'ambo.

Na mwenye duka hufunga. Tarehe 27 Machi 2023 Nintendo ilifunga maduka ya mtandaoni ya Wii U na 3DS, na gemu zilizouzwa humo peke yake hazinunuliki tena. Tarehe 31 Machi 2024 Ubisoft ilizima mitambo ya The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014, ambayo haikuweza kuchezwa bila intaneti hata na mtu aliye peke yake. Waliokuwa na sahani walibaki na kioo cha kujitazamia. Concord ya Sony ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 na kuzimwa tarehe 6 Septemba, wiki mbili. Wanunuzi walirudishiwa fedha, lakini kazi ya miaka ya mamia ya watu haionekani tena popote. Jimbo la California lilipitisha sheria mwezi huo huo wa Septemba, ikiwataka wauzaji waache kumwambia mteja kwamba ananunua, bila kumweleza wazi, ikiwa wanachompa ni ruhusa inayoweza kuondolewa.

Mwaka 2023 taasisi ya Marekani ya kuhifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena na wenye haki zake. Mwandishi alipousoma alikwenda kwenye kabati. Contra ilikuwepo. Circus Charlie ilikuwepo, yule wa kuruka mitungi ya moto juu ya simba. Road Fighter ilikuwepo. Zote zilikuwa za wizi, zote zilinguruma. Hakuna anayepaswa kuwasifu wezi kwa hilo. Wabunifu wa Konami na Namco hawakupata hata senti kutoka Ilala. Lakini aliyeziiba alizifunga ndani ya plastiki zikiwa kamili, na plastiki hiyo haijui kama kampuni ipo au imefilisika.

Hali hiyo inaendelea simuni. Programu ya PPSSPP, iliyoanzishwa na Henrik Rydgård mwaka 2012, huigiza mashine ndogo ya PSP ndani ya Android, na vijana hutumiana PES zilizofumuliwa na kutiwa Simba na Yanga, jezi za msimu huu na kelele za watangazaji. Ni Tank 1990 ya kizazi kingine. Mwenye ligi ya Muuza Chipsi angewaelewa mara moja.

Biashara ya ukusanyaji, kwa upande wa dunia yenye fedha, inakwenda njia nyingine. Julai 2021, Super Mario 64 ambayo haijawahi kufunguliwa iliuzwa kwenye mnada wa Heritage nchini Marekani kwa dola milioni 1.56, zaidi ya shilingi bilioni 3. Imefungwa ndani ya sanduku gumu la plastiki na kupewa alama ya ubora, na thamani yake inategemea jambo moja: kwamba hakuna mtu atakayeicheza. Habari hiyo ilifika Kariakoo. Ilifika polepole, kisha ikafika yote kwa mkupuo.

Mara ya mwisho mwandishi aliona kwenye meza ya kijana mmoja kaseti ya kijivu ya Nintendo 64, Super Mario 64 kweli, bila boksi, karatasi yake imechanika nusu na nyuma imeandikwa jina la mtoto kwa kalamu ya wino. Aliuliza bei. Kijana hakujibu, alitoa simu, akatafuta, akamgeuzia kioo. Ilikuwa picha ya mnada, na tarakimu zake zote.

"Hiyo ni mpya, kaka. Haijafunguliwa."

"Hii nayo haijafunguliwa," kijana akasema, akiigeuza kumwonyesha skrubu. "Angalia. Skrubu zote zipo."

Walibishana hadi mwenye meza ya jirani akaingilia. Mwisho wa yote kaseti ilikwenda kwa bei ya sahani mbili za biriani, na kwa sharti la kijana kwamba mteja achukue na ile pedi isiyofanya kazi iliyokuwa inamjazia meza.